Mwaka Niliosubiri Mkono wa Somoe Uvimbe

Salome alizikwa Nachingwea mwaka jana, masika yakianza. Mshereheshaji alinipa maikrofoni akaninong'oneza, "Mama, dakika mbili tu, wasemaji ni wengi." Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu nyumbani Nanganga, nikiyarudia njia nzima kama mtoto anayekwenda kusoma shairi mbele ya wageni. Nikasimama, nikawatazama wanawe, nikasema, "Huyu alinifundisha kusubiri." Hapo maneno yote ya njiani yakanipotea. Nikarudisha maikrofoni, nikakaa. Mwanamke tuliyekuwa naye mkeka mmoja akaniuliza kama tulikuwa ndugu. Hapana. Mlisoma pamoja? Hapana. "Sasa?" akasema. Hasira sijawahi kuishiwa, nikamjibu, "Sasa nini? Kwani mtu halii mpaka awe ndugu?" Akanisogezea khanga yake nifute uso. Dakika mbili hazikunitosha, basi nachukua nafasi yangu hapa. Nimezaliwa na nani, ukoo wetu ulitokea upande gani, hayo sitayaeleza kwa sababu hayana kazi. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule uliofuata mvua za Elnino. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, cheti cha kidato cha nne kwenye mfuko wa nailoni, mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu, Somoe, na hasira za kutosha kijiji kizima.

Mwaka huo nilikuwa naishi huko huko Nanganga kwa wifi yangu Asha, dada wa baba Somoe. Baba Somoe mwenyewe alikuwa Kilimarondo kwenye shamba la ufuta, analala juu ya dungu kufukuza tembo. Barua zake zilikuja kwa madereva wa malori, mistari mitatu, na wa mwisho siku zote ulikuwa "nibebee Somoe". Chumba tulichopewa kilikuwa cha udongo, dirisha lake dogo kama daftari, kitanda cha kamba, na pembeni gunia la makopa ya muhogo lililokifanya chumba kizima kinuke uchachu. Asha alikuwa na mtoto wa kiume, Yusufu, aliyezaliwa mwezi mmoja na Somoe. Watoto walilala katikati yetu, Asha ukutani, mimi mlangoni. Waliogeshwa kwenye beseni moja na kulishwa kwenye sahani moja: ugali wa muhogo, kisamvu cha karanga, na ming'oko ya kuchemsha siku ambazo Asha alipata nafasi ya kwenda porini kuichimba. Asha alikuwa mwema, nataka hilo lijulikane mapema. Kipande kizuri alikiweka mdomoni mwa Somoe kabla ya Yusufu. Mchana alimbeba mgongoni mpaka mimi nirudi kazini. Na alikuwa akikohoa. Kikohozi chake tulikizoea kama tulivyouzoea mlango unaolia. Tulisema ni moshi wa kuni.

Yusufu akanenepa, Somoe akakonda. Sahani moja, beseni moja. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulitoka kwenye kijani, ukapita kijivu, ukaingia kwenye nyekundu. Wanawake kisimani wakaanza. Hawakuniambia mimi, walizungumza wao kwa wao, kwa sauti ya kunifikia. "Mtoto amebemendwa huyo." "Si baba yake yuko Kilimarondo?" "Ndiyo hapo sasa." Kwa asiyejua: kubemenda ni pale mama anayenyonyesha anapokwenda na mwanaume wa nje, na mtoto, wanasema, anakonda kwa ajili ya uchafu huo. Nilikuwa sijamgusa mwanaume tangu mvua zilipokatika. Nilitua ndoo yangu nikawaambia, "Semeni jina la huyo bwana, na mimi nimjue, maana ananila bila kunipa hata sabuni." Walicheka, wengine wakaona haya. Lakini nilirudi nyumbani nikalia juu ya gunia la makopa, kwa sababu mtu anaweza kuujibu uongo vizuri na bado mwanawe akaendelea kukonda.

Kazi yangu ilikuwa ghalani, msimu wa ufuta. Nilishona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano kubwa ya chuma. Lazima nieleze ufuta ulivyokuwa ukikaguliwa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Gunia likishajaa halifunguliwi tena. Mkaguzi anakuja na bambo, yaani fimbo fupi ya chuma iliyochongwa ncha, yenye mfereji katikati. Analichoma gunia tumboni, anainamisha mkono, na ufuta unatiririka kwenye mfereji mpaka kiganjani mwake. Anaupuliza, anaunusa, anatupia punje kadhaa mdomoni. "Safi. Pitisha." Wakulima walijua, na sisi washonaji tulijua, kwamba mfereji wa bambo ni mwembamba kuliko kidole. Punje ya ufuta inaingia. Dongo la udongo mkavu haliingii. Kwa hiyo mtu aliyetaka gunia lake liwe zito alitia madongo yenye ukubwa wa yai la kware pale katikati ya moyo wa gunia, akazungushia ufuta safi, na bambo likaingia na kutoka likisema kweli yake ndogo. Nimeshona magunia ya namna hiyo kwa mikono yangu miwili. Mmoja wa wabebaji alikuwa akipiga kofi gunia la jinsi hiyo na kusema, "Huyu bibi harusi ana mimba, lakini mshenga hajui." Tulicheka sana. Siyaandiki haya kwa kujisifu.

Mwezi wa saba, baada ya homa ya wiki tatu isiyosikia kwinini wala dawa ya miti, nilimfunga Somoe mgongoni nikapanda lori la ufuta mpaka Nachingwea, kisha nikadandia trekta kuelekea upande wa Mnero, kwenye kituo kimoja kidogo cha kanisa ambacho watu walikisifu. Nilifika nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Palikuwa na foleni chini ya paa la bati, na mwishoni mwa baraza chumba chenye dirisha la wavu, na ndani yake mwanamke mfupi, mnene, koti jeupe, vidole vyekundu. Wekundu ule ulikuwa rangi ya maabara, haitoki kwa sabuni. Huyo ndiye Salome, Mmakonde wa Newala, mwenye sauti ya kuuza samaki. Hadubini yake haikuwa ya umeme. Ilikuwa na kioo chini, na alikigeuza kufuata jua la dirishani. Wingu likipita, kazi inasimama, naye anatoka barazani kula muhogo wa kuchoma. Wale kina mama wa foleni walimsengenya mbele yake. "Mwone, anachungulia makohozi ya watu halafu anatafuna." Naye anajibu huku mdomo umejaa, "Nyie mnalala nayo, mimi nayachungulia tu. Nani mchafu?"

Daktari alimpima Somoe, akauliza kama nyumbani kuna anayekohoa. Nikasema hapana. Nilisema hapana nikiwa na Asha kichwani, na sababu yake ni kwamba Asha alikuwa amembeba mtoto huyu mgongoni kuliko mimi, na kumtaja nikaona ni kumshtaki. Basi Salome akamchoma mtoto sindano ndogo chini ya ngozi ya mkono, kikatoka kilengelenge kama cha upupu. "Hii ni ya kuangalia kifua kikuu," akaniambia. "Usikune, usipake mafuta, usifunge dawa yoyote. Siku ya tatu naupima. Ukivimba, mwili wake unamjua yule kidudu." Tulilala siku tatu kwenye banda la wauguzaji, sakafu ya saruji, mikeka kumi na mbili, na jikoni nyuma ambapo kila mwanamke alikuwa na mafiga yake. Siku ya tatu nilimpeleka. Salome alipapasa mkono kwa kidole gumba, polepole, akaweka rula. "Sifuri," akasema. Mkono ulikuwa laini kama tulivyouleta. Nikasema alhamdulillahi, nikaanza kumfunga mtoto mgongoni hapo hapo.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu. Si umesema sifuri?"

"Nimesema sifuri. Sijasema mzima. Sifuri ya mtoto mwenye uzito huu siiamini, Mama Somoe. Kaa, daktari amwone tena."

Hapo ndipo nilipolipuka. Nilikuwa nimechoka kuambiwa na watu kwamba mwanangu ana kitu. Nikamwambia, "Ninyi mnataka mtoto awe mgonjwa ili mpate kazi! Kipimo ni chako, rula ni yako, umesoma mwenyewe, sasa unakikataa?" Nikaongeza matusi ya kikabila ambayo watani hupeana kwa kicheko, lakini mimi sikucheka. Alinitazama tu, ameshika rula. Nikaondoka. Ndilo kosa langu, na nililifanya nikiwa na akili timamu. Mimi, mshonaji wa magunia, nililiona bambo limetoka safi nikasema gunia ni safi.

Nyumbani Asha alichinja kuku. Tulikula wali siku ile, wali kabisa, na Asha alimpakata Somoe akimwimbia huku akikohoa begani kwake, na mimi nikawapitia wale wa kisimani mmoja mmoja, "Mtoto hana kitu, amepimwa." Somoe hakula wali. Hakula nyama. Baada ya wiki mbili alivimba mitoki shingoni, kokoto tatu chini ya sikio, akaacha kutembea, akaacha na kutambaa. Mchana mmoja nilitoka ghalani nikamkuta amekaa pale nilipomwacha asubuhi, mikono mapajani, anatazama kuku wakila chakula chake. Nikamfunga mgongoni bila hata kubadili nguo ya kazi. Asha akasema, "Wifi, subiri nikuchemshie uji wa njiani." Nikamwambia, "Uji wako unywe wewe." Sijui kwa nini nilimwambia hivyo. Nadhani nilikuwa nimeshajua.

Nilimkuta Salome kwenye ngazi ya maabara, wingu limefunika jua, muhogo mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yote aliyostahili kuniambia. Nilikuwa na majibu yake, njia nzima nilikuwa nikiyanoa. Akamtazama Somoe, akanitazama mimi, akaukata muhogo nusu. "Umekula?" Basi. Mpaka leo nikiulizwa wema ni nini, naukumbuka muhogo ule, wenye majivu upande mmoja. Nikala nikilia kama mpumbavu. Nikamwambia palepale, "Nyumbani kuna anayekohoa. Ni wifi yangu." Akasema, "Hata mimi ningekuwa wewe ningemficha," akainuka kumwita daktari. Safari hii daktari hakuutegemea mkono. Alijumlisha alama zake: uzito, homa, mitoki, mtu anayekohoa ndani ya nyumba. Akaandika dawa siku hiyo hiyo, na tukapewa kitanda wodini.

Kesho yake niliingia maabara mwenyewe. Nilikuwa na swali, na swali langu lilikuwa na hasira ndani yake. Kama anaumwa, kwa nini mkono ulisema uongo?

"Mkono haukusema uongo," Salome akasema. "Ulinyamaza. Kazi yako nini huko Nanganga?"

"Nashona magunia ya ufuta."

"Gunia likikaguliwa linafunguliwa?"

"Wapi! Linachomwa bambo."

"Na bambo likitoka safi, gunia ni safi?"

Nikamweleza habari ya madongo, yote, hata ya bibi harusi mwenye mimba. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akavuta daftari la shule. "Sasa hutanisumbua kukufundisha. Sikiliza, wewe wa kidato cha nne. Mwilini mwa mtoto kuna wakaguzi. Sisi tunawaita seli T. Mkaguzi huyu haoni ndani ya seli nyingine, na akizipasua ovyo ataua mtoto. Kwa hiyo seli zenyewe ndizo zinazotoa sampuli. Seli inajichoma bambo kutokea ndani." Akachora duara. Ndani yake akachora uzi wenye shanga. "Hii ni protini. Inaweza kuwa ya mwili wenyewe, inaweza kuwa ya kidudu kilichomezwa. Seli haibagui. Inazikatakata zote, vipande vya shanga nane, tisa, kumi, vingine virefu kidogo. Maelfu. Sasa niambie, katika maelfu hayo nani anachagua kipi kionyeshwe nje?"

"Mkaguzi?"

"Mkaguzi yuko nje, hajaona kitu."

"Basi sijui. Nilipata D ya Baiolojia."

"Mfereji, Mama Somoe. Mfereji ndio unaochagua." Akachora kisahani kidogo chenye bonde katikati. "Visahani hivi viko ndani, vinasubiri. Bonde la kila kimoja lina vishimo viwili vitatu. Kipande ambacho shanga zake zinakaa kwenye vishimo hivyo kinashikwa, kinabanwa barabara, kinapelekwa juu ya ngozi ya seli. Kisichokaa kinaanguka, kinasagwa upya. Kisahani kilichokosa kipande hakifiki mbali, kinavunjwa. Kwa hiyo kipande kinaweza kuwa kiovu kuliko vyote, lakini kama hakiingii kwenye bonde, mkaguzi hatakiona maisha."

Nikaona madongo. Niliyaona kabisa, yamekaa gizani katikati ya gunia nililolishona mwenyewe.

"Na kipande cha mwili wenyewe kikionyeshwa? Si mkaguzi atampiga mtoto?"

Alinitazama kwa namna ambayo mwalimu hakuwahi kunitazama. "Swali zuri hilo, mwenye D." Akamgusa Somoe kifuani, pale mifupa ilipokuwa imejitokeza kama tenga. "Nyuma ya huu mfupa kuna kitezi. Humo wakaguzi wanafundishwa kazi wakiwa wachanga. Wanaogombana na vipande vya mwili wenyewe, wengi wanaondolewa humo humo. Wanaobaki kila mmoja ana kipande chake kimoja anachokijua. Anapita anapapasa visahani, si chake, si chake, si chake, mpaka akutane nacho. Hapo anaita wenzake. Mkono kuvimba ni hao wamekusanyika. Ile dawa niliyomchoma ni protini za kidudu tu, kidudu chenyewe hakimo. Seli za ngozini zinazikata, zinaonyesha, na wakaguzi wanaomjua kidudu wanajaa pale. Inawachukua siku mbili tatu kufika. Lakini mtoto akikosa nguvu, kitezi hiki ndicho kinachosinyaa mapema, na wakaguzi wanapungua, wanalala. Sampuli inaweza ikaonyeshwa na hakuna aliyekuja kazini kuitazama. Kwa hiyo sifuri ina maana mbili: hakuna kidudu, au hakuna mkaguzi. Ungekaa, ningekwambia."

"Nisingekusikiliza."

"Najua. Ulinitukana vizuri, lakini. Lile tusi la mwisho nimeshamtumia dada yangu."

Baadaye nimesoma vijarida, nimewasikiliza wataalamu redioni, na najua mambo ni mazito kuliko duara la kwenye daftari. Kuna visahani vya aina zaidi ya moja, kuna milango ya kupitishia vipande, kuna seli ambazo kazi yao ni kumeza na kuonyesha tu. Lakini hakuna aliyenieleza kitu kikanishika kama siku ile, na sababu si akili zangu. Salome alianzia kwenye kazi ya mikono yangu, hata ile sehemu yake ya aibu. Mimi niliyeambiwa na walimu kwamba sina kichwa, niliyeambiwa kisimani kwamba sina heshima, niliketi kwenye stuli ya maabara nikaelewa kilichokuwa kinatendeka ndani ya mwanangu. Hasira zangu zote za mwaka ule zilitokana na kutokuelewa. Mtu asiyejua kinachomla mwanawe atampiga yeyote aliye karibu.

Tulikaa wodini miezi miwili. Asubuhi vidonge, vilivyopondwa kwenye kijiko cha uji mbele ya nesi, na Somoe akivitema nesi anaponda vingine. Mkojo wake ukawa wa rangi ya machungwa, nepi zote zikawa za machungwa, na kina mama wa wodi wakapata la kusema: "Mama Somoe, unafungua kiwanda cha khanga?" Maziwa ya unga yenye mafuta na sukari kila baada ya saa tatu. Mimi nilimtwangia ufuta, nikauchanganya na asali kidogo aliyoileta mgonjwa mmoja kutoka porini, nikampakaza mdomoni kwa kidole. Wiki tatu alikuwa akimeza kwa kutii, macho yako kwingine. Wiki ya nne nilikuwa nampakaza huku natazama mboga ya kuchambua, nikasikia kidole changu kinang'atwa. Nilipiga kelele, nesi akaja mbio akidhani mtoto amekata roho. "Amening'ata!" Nesi akakaa kitandani kwetu akacheka mpaka machozi.

Asha alikuja mwezi wa pili wa kukaa kwetu. Alitembea sehemu ya njia, sehemu nyingine akabebwa kwa baiskeli. Yusufu mgongoni, mkononi kuku aliyefungwa miguu. Nilimwona kutoka dirishani, nikamtazama Yusufu, mashavu kama maandazi, na hasira yangu ya zamani ikarudi yote kwa mkupuo. Nilitoka nje nikamwambia mbele za watu, "Umekuja kuona kazi yako?" Alisimama. Akaweka kuku chini. Alisema, "Wifi, nimekuja nipimwe. Baba Somoe alipata barua yako, akaniandikia." Sauti yake ilikuwa ndogo. Salome alitoka maabara, akamshika mkono, akampa kikopo cha makohozi, na jioni ile akaniita nichungulie kwenye hadubini kabla jua halijaondoka dirishani. Vijiti vyekundu, vyembamba, kwenye ukungu wa buluu. Vichache tu. "Ndiye huyo," akasema. Nikauliza lile lililokuwa likinichoma: kidudu kimoja, mgongo mmoja, sahani moja, kwa nini Yusufu ni mzima?

"Sijui kwa hakika," Salome akasema. "Labda bahati. Labda Somoe alipata homa ya kitu kingine kwanza. Na labda visahani. Mtoto anapewa vingine na mama, vingine na baba, na mabonde yake hayafanani kwa watu. Kidudu hicho hicho, Yusufu anaonyesha kipande hiki, Somoe anaonyesha kile."

"Kwa hiyo mimi nimempa mwanangu visahani vibovu."

"Acha ujinga." Hapo alikasirika kweli, mara ya kwanza kumwona. "Hakuna visahani vibovu. Kuna vyako na vyangu. Ukija ugonjwa mwingine utakuta Somoe ndiye anauonyesha upesi na Yusufu anauficha. Tungekuwa na bonde moja sote, kidudu kimoja kingetumaliza kuanzia Newala mpaka Nachingwea. Mshukuru Mungu hatufanani, kisha nenda ukamwombe radhi wifi yako, maana ametembea na kifua kile kwa ajili yako."

Nilikwenda. Asha alikuwa jikoni, anamnyonyoa yule kuku kwa maji ya moto na kukohoa upande, mdomo amefunika kwa khanga kama alivyoelekezwa. Nikachukua upande wangu wa kuku nikaanza kunyonyoa. Akasema, "Unanyonyoa vibaya, unaacha vinyoya." Nikasema, "Nifundishe basi." Hiyo ndiyo radhi tuliyoombana, na imetutosha mpaka leo. Walianza dawa, yeye ya kumtibu, Yusufu ya kumkinga. Msimu wa ufuta uliofuata nilirudi ghalani na shazia yangu, lakini gunia lenye uzito nisiouelewa nililirudisha kwa mwenyewe kabla halijachomwa. Waliniita mlokole, na mimi ni Mwislamu.

Tuliruhusiwa, tukawa tunakwenda kituoni kila mwezi kuchukua dawa. Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule, mabibo yakiwa yameanza kuanguka na watoto wana madoa kwenye nguo zote, daktari alisema Salome amchome Somoe tena ile sindano ya mkononi. Haikuwa ya kuamua dawa. Dawa zilikuwa zinaendelea. Salome ndiye aliyeomba. "Nataka kuona kama wamerudi kazini," akasema. Nilimshika Somoe mapajani. Alikuwa na kilo za kutosha kunipiga mateke, na alinipiga. Kilengelenge kikatoka, kikashuka. Siku ya kwanza hakuna kitu. Nilipapasa mkono ule mara mia. Siku ya pili kulikuwa na wekundu mdogo, nikajiambia ni mbu. Nilikuwa nimezoea kuomba mwanangu asiwe na kitu, na sasa nilikuwa nalala kwenye saruji nikiomba avimbe.

Asubuhi ya siku ya tatu Somoe aliniamsha kwa kunisukumia mkono wake usoni, amenuna. Ulikuwa umenyanyuka. Uvimbe mgumu, wa moto, mpana kama kifuniko cha soda, umekaa juu ya mkono mwembamba kama mtu aliyekuja kukaa. Niliugusa kwa kidole gumba, kama nilivyomwona Salome akifanya. Nikaupapasa mwanzo wake na mwisho wake. Walikuwepo, wale wakaguzi. Nilifikiria njia yote waliyopita, kutoka nyuma ya mfupa wa kifua, wakipapasa, si chake, si chake, mpaka hapa. Nikapiga vigelegele pale pale kwenye mkeka, banda zima likaamka. Salome alikuja mbio na rula, koti hajafunga vifungo, akapima, akapima tena, akaandika daftarini. Mama mmoja mgeni, aliyefika jana yake kutoka Kilimarondo na mtoto mgongoni, alisogea akauona mkono wa Somoe, akafunika mdomo. "Masikini," akasema, "umevimba. Pole, mama."

"Usinipe pole," nikamwambia. "Nipe hongera."

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, mwanamke wa watu, kisha kwa adabu tu akanipa.